Nyama Tu, Mtu Hapana

Bi Mwaija binti Mwinyijuma alikuwa hagombani na mtu. Ukimkosea, anakuchora. Yaani unalala binadamu, unaamka mbuzi, tena mbuzi mwenye kipini cha dhahabu puani na kile kidevu chako kilekile, uko ukutani kwenye nyumba ya harusi na mtaa mzima wa Mangesani umeshapita kukuangalia. Utamshtaki nani sasa? Si mbuzi huyo! Ukisema ni wewe, ndo umejimaliza mwenyewe.

Haya anayasimulia Bibi Dija, mtoto wa kaka yake Mwaija. Yuko hai, yuko Bagamoyo, na ukimuanzishia hii habari uwe umeshamaliza shughuli zako zote za siku hiyo maana hutoki. Na anacheka! Ni habari ya kifo cha baba yake mzazi, lakini kuna mahali anacheka mpaka anashika mbavu. Tutafika.

Basi, ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado yupo. Kazi ya Mwaija ilikuwa kupaka chokaa, ile ya matumbawe inayochomwa pwani. Mafundi wanaume walikuwepo tele, lakini wao wanapaka nje na sebuleni. Chumba cha biharusi ataingia mwanamume gani? Ndo hapo Mwaija alipopatia kazi. Akawa anapaka vyumba vya maharusi, na mikono yake ilikuwa haitulii, akaanza kuchora. Nyeusi alitoa kwenye masizi ya chungu, nyekundu alichukua ngeu ya maseremala, ile ya kupigia mistari mbao, njano ni manjano haya haya ya kwenye mchuzi, na bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Anavikoroga na ute wa yai. Brashi yake mswaki wa mti uliotafunwa ncha, na kwenye sehemu kubwa anatumia kumbi la nazi.

Alichora wanyama tu. Lakini wanyama wake sasa, we acha! Twiga kavaa mikufu kuanzia mabegani mpaka kidevuni. Kiboko kajifukiza udi. Punda kapakwa hina mpaka magotini na bangili zimemjaa, anakuangalia kama vile wewe ndo ulete maji ya kunawa. Wanawake wakiingia kumuona biharusi wanamsahau biharusi, wako ukutani wanabishana yule kanga mnene ni mama mkwe au si mama mkwe.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alimkalia kooni. "Mwaija, siku ya kiyama utaambiwa uwatie roho hao."

"Ndo maana nimewanyima jicho moja, mwalimu. Nikiambiwa niwatie roho nitasema bado sijawamaliza."

Na kweli, kila mnyama wake alikuwa na jicho moja limefumbwa. Wote. Hilo lilikuwa sharti lake.

Huyu Mwaija alikuwa na kaka mmoja tu, Msabaha. Wazazi wao walishatangulia, kwa hiyo walibaki hao wawili, na huyo Dija mdogo ambaye mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Msabaha alikuwa mrina asali. Anaingia porini upande wa Makurunge na kikoi chake chekundu, anarudi na vibuyu vimejaa na uso umevimba, anacheka. Wenzake walimpa jina la Nyegere. Nyegere ni kale kanyama keusi kenye mgongo mweupe, kafupi, kanakula asali, na hakamwogopi simba wala chui wala baba'ake chui. Kanasimama tu kanakungoja.

Sasa huko Makurunge kulikuwa na mzungu mwenye shamba la mkonge. Jina lake hasa hakuna aliyeliweza, watu walimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikutoka mdomoni, nadhani hata akilala. Alikuwa na mke ambaye alipenda vitu vizuri. Sahani za dhahabu pembeni, lulu, kinanda, hariri. Huyo bibi akaona kwenye gazeti la kwao mwanamke kavaa kikoti cha ngozi ya chui. Akakitaka. Bagamoyo hii! Joto hili ambalo hata kanga moja unaiona nyingi, mtu anataka kuvaa chui.

Na chui alikuwepo. Alikuwa anakula mbuzi wa shambani. Bwana Kiko akamwita nyapara wake, Bwanausi, akamwambia amtafutie mtu anayelijua pori. Bwanausi akamleta Msabaha. Walikuwa marafiki hao, walitahiriwa jando moja.

Wakaingia porini Bwana Kiko na Msabaha, wawili tu. Bwanausi na vibarua wakaambiwa wabaki nyuma mbali ili wasipige kelele. Ukasikika mlio wa bunduki, mmoja. Halafu kelele. Halafu kimya. Bwanausi alipofika akamkuta chui amekufa kwa panga, Msabaha amelala chali, damu tupu, na Bwana Kiko amesimama pembeni anapangusa mabuti. Bwana Kiko akachukua bunduki akampiga chui risasi nyingine, chui aliyekwisha kufa, halafu akasema maneno haya: "Huyu mtu natupa bunduki yangu, nakimbia. Chui nakamata yeye. Mimi naua chui na panga, namaliza na bunduki."

Na Bwanausi akayabeba maneno kama yalivyo. Akaja nayo mjini kabla hata kitanda alichobebwa Msabaha hakijafika.

Msabaha alifika nyumbani bado anapumua. Mwaija akamshika kichwa, akainama maana sauti ilikuwa ndogo.

"Mwaija. Bwana alipanda mkwaju."

"Usiseme, kaka, pumzika."

"Alipomkosa chui akatupa bunduki, akapanda mkwaju. Mimi sikukimbia. Mwaija, usiwaache waseme nilikimbia."

Hayo ndo maneno yake ya mwisho. Hakumuusia mtoto wala kitu kingine. Alisema hilo tu.

Wakamzika. Na kabla arobaini haijafika, mji mzima unasema Msabaha alikimbia. Unajua watu wa pwani, wakishapata neno hawaliachi likae bure. Ngalawa ikikimbia sana kwenye mashindano: mbio za Msabaha! Kuku akimkimbia mchinjaji: mbio za Msabaha! Mtu akiondoka shughulini mapema: aa, huyo mbio za Msabaha! Ikawa msemo. Watoto wakimuona Dija wanamuuliza, "Dija, baba'ko kafika wapi?" na wenyewe wanajijibu, "Bado anakimbia!" Dija alikuwa na miaka kama saba. Akawa hatoki nje.

Mwaija alimfuata mzee aliyemwosha Msabaha. "Baba, wewe umemwosha kaka yangu. Majeraha yalikuwa mgongoni au kifuani? Niambie tu hilo."

Mzee akaangalia chini. "Mwanangu, ninachokiona kwenye josho kinabaki kwenye josho. Maiti ni amana."

Ndivyo ilivyo, mwosha maiti hasemi. Mwaija hakumlaumu. Lakini alivyoona yule mzee anafuta machozi alijua jibu, kwamba ni kifuani, na kujua peke yake hakukumsaidia kitu.

Akamfuata Bwanausi. Bwanausi akasema, "Dada Mwaija, mimi nimesema alichosema bwana."

"Wewe ulimjua Msabaha tangu jandoni. Ungemuona anakimbia ungeamini?"

"Dada, mimi nina watoto, kazi yenyewe ndo hii."

"Haya," Mwaija akasema. "Kaa na kazi yako."

Hakulia, hakupiga kelele. Alienda nyumbani akaendelea kukoroga chokaa. Na moyoni, Bibi Dija anasema, moyoni alikuwa anawaka kama tanuri la matumbawe, lile linalowaka kwa ndani wiki nzima na nje unaona moshi kidogo tu.

Ukapita mwaka na zaidi. Sasa ona mambo ya Mungu. Bwana Kiko akajenga nyumba mpya pale shambani, kubwa, ina sebule ya kulia chakula ambayo ungeweza kuchezea ngoma mbili kwa wakati mmoja. Mke wake akaja mjini kutembezwa, akapelekwa kuangalia nyumba ya harusi. Akamuona punda wa Mwaija na hina yake. Yule bibi alipiga kelele ya furaha mpaka biharusi akashtuka. Anataka ukuta! Anataka sebule yake mpya ukuta mzima, wanyama wamevaa lulu, wanyama wanakunywa chai, wanyama wamekaa kitajiri kama wageni wake!

Mwaija akapelekewa ujumbe. Watu walidhani atautemea mate. Akauliza tu, "Lini?"

Alipofika kwenye lango la shamba na pipa lake la chokaa, wa kwanza kukutana naye alikuwa Bwanausi. Uso ukamshuka.

"Dada Mwaija. Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja kwa chokaa."

Bwana Kiko hakumjua. Hakuwahi kuuliza Msabaha ana dada au ana nani. Alimpeleka sebuleni akamuonyesha ukuta, kiko mdomoni, huyo anaeleza kwa Kiswahili chake. "Hapa nataka nyama. Nyama mingi, ukuta yote."

"Nyama," akasema Mwaija. Huyu anataka wanyama au anataka mishikaki? Lakini alimuelewa.

"Nyama tu. Mtu hapana! Mtu naharibu picha. Mimi napenda pori, mtu hapana ndani."

Hebu fikiria. Pori ambalo watu walirina asali humo, walizika wazee wao, walikata miti ya kujengea, yeye analipenda, ila watu wake watoke. Mwaija akamuuliza taratibu, kwa adabu zote, "Mtu hata mmoja, bwana?"

"Mtu hapana!"

"Nyama tu?"

"Nyama tu! Wewe sikia?"

"Nimesikia, bwana. Bwanausi, na wewe umesikia?"

Bwanausi alikuwa mlangoni. "Nimesikia."

"Haya."

Akafunga pazia la amerikani kuanzia ukuta hadi ukuta. Yule bibi akitaka kuchungulia Mwaija anamzuia. "Bibi, ukuta ni mwali. Mwali amewekwa ndani. Haonwi mpaka siku ya kutolewa nje. Ukimuona kabla, uzuri unapotea." Mwenyewe yule bibi alilipenda hilo jambo! Akawa analirudia kwa wageni wake wote, mwali, mwali, na mume wake akitaka kufunua pazia ni yeye mke anayempiga kofi la mkono. Kwa hiyo ulinzi Mwaija hakuuhitaji, alilindwa na mwenye nyumba.

Alichora peke yake humo nyuma ya pazia. Jioni anarudi mjini na kucha nyeusi. Dija akimuuliza anachora nini anasema, "Nachora wageni." Siku moja akamuuliza, "Shangazi, mbona unacheka peke yako?" Akamwambia, "Sicheki, mwanangu. Natega."

Siku ya sherehe ikafika. Wakaalikwa wazungu wa mashamba mengine, hadi wa Pangani. Wakaja wafanyabiashara wa Kihindi na wake zao, na Liwali mwenyewe na joho lake. Vibarua nao wakaitwa, ila wao wakae barazani waimbe, wageni wakitaka kusikia ngoma. Madirisha ya ile sebule yalikuwa makubwa, yakafunguliwa yote kwa ajili ya joto. Kwa hiyo ndani wageni, madirishani vichwa vya watu juu ya vichwa vya watu. Mwaija alikuwa humo ndani, kasimama kando ya ukuta wake. Kavaa kanga mpya.

Na mama mwenye nyumba katoka chumbani kavaa kile kikoti. Chui yuleyule. Ngozi ya chui aliyemuua Msabaha, ina vifungo vya dhahabu, haina mikono, na jasho linamtiririka bibi wa watu kama kamwagiwa maji.

Mwaija alimtazama tu. Bibi Dija anasema shangazi yake aliwahi kumwambia, "Pale kidogo nimrukie." Hakumrukia.

Bibi akavuta pazia mwenyewe.

Kha! Sebule nzima ilisema aaah. Meza ndefu ilichorwa ukuta mzima, na wanyama wamekaa wanakula. Tembo jike ana kidani cha lulu, kashika kikombe kidogo cha chai kwa mkonga na kile kidole cha ncha kakiinua juu. Viboko wawili mtu na mkewe wanajipepea. Fisi kavaa tai, analamba sahani ya dhahabu. Twiga kainama maana taa ya vioo inamgonga pembe. Kila mmoja jicho moja kalifumba, kama wanakukonyeza. Wageni wakacheka, wakapiga makofi, wake wa Wahindi wakasogea kuangalia bangili za punda milia. Liwali akasema, "Mashallah, huyu fisi namjua." Watu wakafa kwa kicheko. Bwana Kiko kifua kimemjaa, anawapa watu mikono kama kachora yeye.

Halafu watu wakafika mwisho wa ukuta.

Kule mwisho meza imeisha, pori limeanza. Chui kasimama. Kavaa kikoti cha ngozi yake mwenyewe, kina vifungo vya dhahabu. Mbele yake kasimama nyegere, mdogo, kikoi chekundu kiunoni, panga mkononi, kamkabili chui uso kwa uso. Na huyu nyegere peke yake, katika ukuta wote, macho yote mawili yako wazi. Nyuma ya nyegere kuna bunduki imetupwa kwenye majani. Na nyuma ya bunduki kuna mnazi, na kwenye mnazi, katikati, kakumbatia shina kama mtoto mgongoni kwa mama yake, kuna nyani. Nyani ana mabuti. Ana kiko. Suruali imelowa.

Madirishani watu wakaanza kusukumana waone.

Mtu mmoja nje akasema polepole, "Yule si Nyegere yule? Kikoi kile si cha Msabaha?"

Bwana Kiko akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akamfuata Mwaija, kidole mbele. "Wewe! Wewe napaka mimi hapa! Mimi nasema mtu hapana!"

"Mtu hayupo, bwana," Mwaija akajibu. Sauti ya kawaida tu, kama anaulizwa bei ya vitumbua. "Umeniambia nyama tu, mtu hapana. Bwanausi shahidi, yuko pale mlangoni. Nimechora nyama tu. Tembo nyama, fisi nyama, na huyo juu ya mnazi naye nyama. Wewe umeona mtu wapi?"

Bwana Kiko akageuka kumtafuta Bwanausi mlangoni.

Liwali akasogea, taratibu, mikono nyuma. "Bwana, samahani. Huyu nyani ni wewe?"

Mwenzangu! Hapo ndo Bibi Dija huwa anaanza kucheka. Aseme ndiyo? Aseme ndiyo ni yeye, aliyetupa bunduki? Aseme hapana? Basi kama si yeye anakasirikia nini?

"Hapana," akasema Bwana Kiko. "Nyani tu." Akajichekesha, heh heh, akanyanyua glasi. "Nyani tu! Mzuri!"

Angeishia hapo angepona. Lakini kulikuwa na yule mzungu wa Pangani, mnene, keshakunywa, yeye na Bwana Kiko walikuwa wanataniana siku zote kwa habari ya nani mwindaji hodari. Akaukaribia ukuta, akamuangalia nyani, akaanza kucheka mpaka kitambi kinaruka. Akasema kwa Kiswahili ili Liwali naye afaidi, "Lakini huyu nyani hodari sana! Napanda mnazi na mabuti! Mimi naishi hapa miaka mingi, sijaona nyani napanda mnazi na mabuti!"

Watu wakaangua kicheko. Madirishani ndo usiseme, watu wanapigana vibao vya mgongo. Mwaija akaongezea chumvi pale pale. "Ndiyo, bwana. Woga una nguvu. Huyu alipanda mnazi mpaka madafu yakadondoka. Alivyokuwa anashuka aliteleza kwa makalio."

"Mnazi na mabuti!" yule mnene anafuta machozi. "Kwa makalio!"

Na Bwana Kiko, mwanamume mwenye kiburi chake, mwenye kunywa, anachekwa na mke, na wageni, na vibarua wake mwenyewe, akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akapiga meza ngumi.

"Hapana mnazi! Uongo! Nani nawezaje panda mnazi na buti? Ilikuwa mkwaju!"

Kicheko kilikatika kama umekikata kwa panga.

Liwali akauliza, "Mkwaju upi, bwana?"

Kiko kilikuwa sakafuni. Hakuna aliyekiona kinaanguka. Yule mke alimuuliza mume wake kitu kwa lugha yao, kifupi. Akaanza kufungua vifungo vya kile kikoti, kimoja kimoja, akakivua, akakiweka juu ya kiti, na kiti kile hakuna aliyekikalia tena jioni ile.

"Na bunduki?" akauliza Liwali.

"Bunduki naanguka."

Sasa Mwaija akasogea. Akaja mpaka mbele yake. Hakumuita bwana tena. "Mimi ni Mwaija binti Mwinyijuma. Msabaha ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Wewe ukiwa juu ya mkwaju, kaka yangu alikuwa wapi?"

Bwana Kiko akamwangalia Liwali, akamwangalia mkewe, akaangalia madirishani wale watu wote. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Yeye nasimama chini."

"Sijasikia."

"Yeye nasimama!"

Nje, barazani, mtu mmoja akaita, "Allahu Akbar!" Na yule mzee mwosha maiti, ambaye alikuja kwa ajili ya ngoma tu, akakaa chini pale pale alipokuwa.

Huyo Bwana Kiko sitaki kumaliza naye maneno mengi. Serikali haikumfanya kitu, kwani serikali ilikuwa ya nani? Ila wazungu wenzake walimmaliza. Yule wa Pangani akawa anamtumia madafu kwa gari, kila Jumapili, kapu zima, na salamu nyingi. Akaupaka ukuta rangi, lakini masizi ya Mwaija yalivuja juu ya rangi, buti likawa linaonekana, akaupaka tena, buti hilo hapo. Mwishoni akauza shamba akaenda zake. Usiku uleule wa sherehe watu walishamwambia Mwaija, haya sasa, ya Bwana Kiko yamekwisha, samehe. Akasema, "Amekwisha mmoja. Bwana Kiko alisema uongo kwa watu wangapi? Kwa mtu mmoja tu, Bwanausi. Aliyewaambia ninyi wote ni Bwanausi."

Na kwa Bwanausi hakusubiri hata siku mbili. Asubuhi ya kesho yake tu baada ya ile sherehe, alipita kwa wanawake wenzake akawaambia tunakwenda kusuta.

Kama hujawahi kuona watu wanakwenda kusuta, pole. Wanawake wamevaa sare za kanga, vugo zinapigwa, zile pembe za ng'ombe, ta-ta-ta-ta, makopo, vigelegele, mpaka mlangoni kwa msema uongo. Wakamkuta Bwanausi anakunywa uji. Bakuli likabaki mkononi.

"Toka nje, shemeji!" mmoja akamuita. "Au nawe utapanda mkwaju?"

Akatoka. Alikuwa mtu mzima, ana heshima zake, kofia ya kiua. "Dada Mwaija," akasema, "nisamehe. Mimi niliambiwa na bwana."

"Sikuja kukupiga, Bwanausi. Wala sitaki unilipe kitu. Yale maneno uliyapeleka nyumba kwa nyumba, au nasema uongo?"

"Kweli."

"Basi leo unayarudia nyumba kwa nyumba. Unabisha hodi, unatoa salamu, unasema, Msabaha hakukimbia, mimi nilisema uongo. Hivyo tu. Mimi niko nyuma yako."

Alitaka kukataa. Akaangalia zile vugo, akaangalia mke wake mwenyewe ambaye alikuwa keshavaa kanga kwenda kujiunga na wasutaji, akaona hakuna njia. Wakaanza Mangesani. Hodi. Karibu. Shikamoo, mama. Marahaba. Msabaha hakukimbia, mimi nilisema uongo. Vugo, ta-ta-ta-ta, vigelegele, nyumba inayofuata. Dija yuko mbele kabisa kashikwa mkono na shangazi yake, na watoto wale wale waliokuwa wakimuuliza baba'ko kafika wapi wamewafuata nyuma, kimya, maana hawajui leo wacheke nini. Nyumba ambayo mwenyewe hayupo Mwaija anasema, tutamngoja. Na wakamngoja kweli, Bwanausi juani, kofia mkononi.

Mtaa wa Magomeni wakafika kwa bibi mmoja mzee sana, hasikii vizuri, kakaa mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi," Bwanausi akasema. Sauti ilikuwa imeshakauka. "Msabaha hakukimbia. Mimi nilisema uongo."

"Eee?"

"Msabaha hakukimbia, bibi."

"Msabaha kakimbia?"

Wanawake wakajiziba midomo na kanga. Bwanausi akageuka nyuma, machozi yanamlengalenga. "Dada Mwaija, jua hili kali, nimechoka. Na mtaa wa Dunda wote bado. Huyu bibi si tumuache?"

Mwaija akakaa kwenye kibaraza cha yule bibi, akampakata Dija, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Rudia," akamwambia. "Zunguka uje upande huu, sikio lake la huku ndo zima."